Sura ya Tano: Theluji Ndiyo Yenye Ratiba

Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala hupanda hadi Timboroa, karibu na mstari wa ikweta, na kuvuka kimo cha zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Dereva huvaa koti, hupandisha kioo, pengine hukutana na ukungu mzito, kisha huteremka kuelekea Eldoret. Hufanya hivyo Januari, hufanya hivyo Julai. Barabara ya Stelvio, kaskazini mwa Italia, ina kimo cha mita 2,757, karibu sawa na hicho. Lakini kuanzia Novemba hadi Mei hakuna gari linalopita hapo. Kona zake 48 za upande wa Prad, zilizochongwa na mhandisi Carlo Donegani kati ya mwaka 1820 na 1825, hulala chini ya theluji hata usijue barabara iko wapi na mlima uko wapi.

Kinachotofautisha sehemu hizi mbili ni umbali kutoka ikweta. Stelvio iko nyuzi 46 na nusu kaskazini. Nairobi, kwa mita zake 1,700 na ushei, iko juu kuliko pito la Brenner katika milima ya Alpi, na Njombe inalingana na pito la Simplon, ambako theluji huanguka miezi kadhaa mfululizo. Sisi tuliokulia kwenye nchi za masika na kiangazi tunajua barabara kukatika: mvua husomba daraja, tope hukwamisha malori, na baada ya siku kadhaa njia hupitika tena. Kufungwa kwa barabara nzima ya lami, isiyo na kasoro, kwa miezi sita au saba kila mwaka na kwa makusudi, ni jambo lisilokuwamo katika mazoea yetu. Ndiyo maana wengi hupanga safari ya Alpi kwa kufuata likizo ya kazini na bei ya tiketi ya ndege, wakafika na kukuta kizuizi kimeshushwa. Sura hii inaanza na theluji. Likizo, ndege na hoteli vitafuata nyuma yake.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki jambo hili ni zito kuliko lilivyo kwa mkazi wa Munich. Yule wa Munich husikiliza taarifa ya barabara Ijumaa jioni, na Jumamosi alfajiri yuko njiani. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi huanza kupokelewa miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida hayapokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Fomu inataka tarehe ya kuingia na ya kutoka, bima nayo inataka tarehe, hoteli vilevile. Anayetamani kwenda Juni huziandika tarehe zake Februari au Machi, wakati hata mhandisi anayesimamia barabara yenyewe hawezi kumwambia lini itafunguliwa. Hana nafasi ya kubahatisha, na akikosea hawezi kurudi wikiendi inayofuata.

Kwa nini theluji isiondolewe tu kila asubuhi? Swali hili huulizwa sana, na jibu lake ndilo ufunguo wa mipango yote. Mashine za kuiondoa zipo. Uswisi huiacha barabara ya Julier wazi mwaka mzima, nayo ina kimo cha mita 2,284, juu kuliko Gotthard na juu kuliko Grimsel. Kwa hiyo theluji iliyolala juu ya lami si tatizo kubwa. Tatizo ni ile iliyolala juu zaidi, kwenye miteremko inayoitazama barabara. Tabaka jipya likitua juu ya tabaka dhaifu, mteremko mzima unaweza kung'oka na kuporomoka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kukimbia. Tarehe 23 Februari 1999 maporomoko ya namna hiyo yalikipiga kijiji cha Galtür, Austria, yakaua watu 31, wakazi pamoja na wageni waliokuja kuteleza thelujini. Barabara ya kuingia bondeni ilikuwa imefungwa kwa siku kadhaa. Wageni hawakuweza kutoka. Mjini Davos, Uswisi, iko taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko yake, ambayo wakati wa baridi hutoa taarifa ya hatari kila siku kwa kipimo cha 1 hadi 5. Pito lenye miteremko mingi ya namna hiyo haliwezi kulindwa kwa gharama inayobebeka. Hufungwa, basi.

Kulifungua nako si kazi ya siku moja. Wafanyakazi huanza kupanda mwezi Aprili, mara nyingi wakiwa na baruti ya kuangusha kwanza theluji iliyoning'inia juu yao. Nguzo ndefu zilizosimikwa kando ya lami wakati wa vuli, na siku hizi vipimo vya setilaiti, huwaonyesha barabara ilipo. Mashine hukata tabaka baada ya tabaka, na kushoto na kulia hubaki kuta nyeupe zinazoweza kuwa ndefu kuliko basi. Baadaye huja kazi isiyopigwa picha: kuondoa mawe yaliyoanguka, kuzibua mifereji, kurudisha vyuma vya pembeni, kukagua kuta. Theluji moja nzito ya Mei huweza kurudisha kazi nyuma kwa wiki nzima. Hapo tarehe ya kufungua hupatikana.

Mtu mmoja astahili kutajwa kwa heshima hapa. Franz Wallack, mhandisi wa Austria, ndiye aliyesanifu barabara ya Grossglockner, kilomita 48 zenye kona kali 36, iliyofunguliwa tarehe 3 Agosti 1935. Katika miaka ya mwanzo theluji ilichotwa kwa makoleo na mamia ya wanaume. Wallack akabuni mashine yenye visu vinavyozunguka na kuirusha theluji mbali, na zilizoanza kazi mwaka 1953 zingali zinatumika. Barabara hiyo hulipiwa, na kwa kawaida hufunguliwa mapema Mei, kabla ya mapito mengine ya kimo chake, ikafungwa mapema Novemba. Anayelazimika kusafiri Mei ana Grossglockner, na mengine machache tu ya kimo hicho.

Kwa mengine, katika mwaka wa kawaida mambo huenda hivi. Gotthard, lenye mita 2,106, hufunguka katikati au mwishoni mwa Mei. Furka, Grimsel na Stelvio hufuata kati ya mwisho wa Mei na wiki za kwanza za Juni. Susten ni la Juni, na Iseran la Ufaransa, ambalo ni pito la lami lenye kimo kikubwa kuliko yote katika Alpi, ni la Juni pia. Yote huanza kufungwa tena kuanzia nusu ya pili ya Oktoba. Kwenye ramani za Michelin utaona tarakimu mbili zimeandikwa kando ya barabara, mfano 10-6: miezi ambayo njia huzibwa na theluji, Oktoba hadi Juni. Hizo zisomwe kabla ya majina ya miji.

Ila nakusihi usiichukue orodha hiyo ukaweka safari yako kwenye tarehe ya wastani. Wastani humfaa anayeweza kungoja. Wewe uliyekata tiketi miezi minne kabla chukua tarehe ya mwaka uliochelewa, kisha ongeza wiki mbili. Kwa Alpi hiyo ina maana kwamba safari yenye mapito makubwa isianze kabla ya Julai. Najua Juni ina mvuto wake. Kuta za theluji huwa bado zimesimama, maji yanamiminika kila upande, na usiku ni mfupi. Lakini Juni nawaachia wale waishio Ulaya, Waswahili wenzetu wa Zürich, Munich na Lyon wanaoweza kuondoka asubuhi ya siku njema.

Tukisha kuijua miezi, tuitazame ramani. Ningemshauri anayekwenda mara ya kwanza aache tamaa ya kuvuka Alpi yote kutoka Nice hadi Vienna. Aende Andermatt. Mji huu mdogo wa Uswisi uko kwenye kimo cha mita 1,440 hivi, na umezungukwa na mapito kama kitovu cha gurudumu: Furka magharibi, Oberalp mashariki, Gotthard kusini, na kaskazini korongo la Schöllenen, ambako Warusi wa Jenerali Suvorov walipigana na Wafaransa mwaka 1799 kwenye Daraja la Shetani. Katika milima hii huanzia mito minne: Rhine, Rhone, Reuss na Ticino. Maji ya mmoja huishia Bahari ya Kaskazini, ya mwingine Mediterania, na chemchemi zake hazitengani hata kwa mwendo wa siku moja wa gari.

Mzunguko unaojulikana zaidi ni wa mapito matatu, Susten, Grimsel na Furka, kama kilomita 120 kwa jumla. Kwenye barabara kuu ya kawaida huo ni mwendo wa saa moja na nusu. Hapa ni wa siku nzima, wala usiufupishe. Barabara ya Susten ni changa kuliko nyingine. Ilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kufunguliwa mwaka 1946, nayo ilichorwa kwa ustadi mkubwa, kila kona ikielekezwa kwenye mandhari. Grimsel ni mahali pakali pa miamba mitupu na mabwawa ya umeme yenye maji ya kijivu. Furka, lenye mita 2,429, ndilo linalonigusa zaidi kwa sababu ya barafu kuu ya Rhone. Katikati ya karne ya 19 ulimi wa barafu hiyo ulifika chini kabisa bondeni, Gletsch, na wasafiri wakaitazama kutoka dirishani mwa hoteli. Leo imerudi juu, nyuma ya mwamba, na mbele yake pana ziwa ambalo mababu wa wakazi wa huko hawakulijua. Majira ya joto sehemu yake imekuwa ikivishwa mablanketi meupe kuipunguzia kuyeyuka. Sisi tunaoiona barafu ya Kilimanjaro ikipungua hatuhitaji kuelezwa maana ya mablanketi hayo. Nenda ukaione ingali ipo.

Siku nyingine iwe ya Gotthard, lakini kwa barabara ya zamani. Upande wa kusini, kuelekea Airolo, njia ya Tremola ingali imetandikwa mawe ya kuchongwa, na kona zake 24 zimepangana ukutani mwa mlima. Endesha taratibu. Baiskeli ni nyingi, na mawe yakilowa huteleza.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo msafiri makini hulipanga kabla ya hoteli: kuna nini chini ya kila pito? Waswisi walikwisha kuchoka kuisubiri theluji, wakaitoboa milima. Chini ya Gotthard lilipita handaki la reli mwaka 1882, la magari mwaka 1980 lenye urefu wa kilomita 16.9, na mwaka 2016 la treni za kasi, kilomita 57. Chini ya Furka, tangu mwaka 1982, treni hubeba magari kati ya Realp na Oberwald. Unaingiza gari kwenye behewa, unazima injini, unakaa humohumo hadi upande wa pili. Chini ya Great St Bernard kuna handaki la magari tangu 1964. Haya ni mapito salama kwa anayepanga, kwa sababu mlango wa juu ukifungwa, wa chini uko wazi. Susten na Grimsel hayana kitu chini yake. Yakifungwa huna budi kuzunguka kwa Luzern na Brünig, na siku yako imekwisha. Stelvio vilevile: likifungwa, huna budi kuzunguka mbali. Kwa kila siku ya safari, andika njia mbili kwenye daftari, ya juu na ya chini, pamoja na saa zake. Hoteli ya jioni iwe ile unayoweza kuifikia kwa njia zote mbili. Na ni afadhali kulala usiku tatu au nne mahali pamoja, ukichagua kila asubuhi pito la kwenda kulingana na mawingu, kuliko kuhama kila siku kwa ratiba isiyosamehe.

Mlima haufungwi kwa theluji peke yake, na hili wapangaji wengi hulisahau. Septemba 2023 handaki la magari la Gotthard lilifungwa siku kadhaa baada ya saruji ya dari kupasuka, na bahati ilikuwa kwamba ulikuwa msimu ambao pito la juu liko wazi. Tarehe 21 Juni 2024 mvua kali iliisomba sehemu ya barabara kuu ya San Bernardino; ilifunguliwa tena Julai 5. Tarehe 28 Mei 2025 barafu na miamba viliporomoka na kukifukia kijiji cha Blatten, kwenye bonde la Lötschental. Karibu wakazi wote 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa, kwa kuwa wataalamu waliuona mlima ukitembea, wakaaminiwa. Ukikuta kizuizi barabarani mwezi Julai, jua kwamba aliyekiweka anajua asichojua mtalii. Geuza gari.

Hali ya kila pito hutangazwa na vyama vya wenye magari, TCS kwa Uswisi na ÖAMTC kwa Austria, na mabango makubwa husimama bondeni kabla hujaanza kupanda. Yasome mabango hayo hata kama ulitazama simu asubuhi. Theluji huweza kuanguka Agosti kwenye mita 2,500, pito likafungwa kwa siku moja, kesho yake jua likawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mwezi Julai na Agosti radi hupenda mchana, kwa hiyo pito kubwa livukwe kabla ya saa sita.

Kuhusu uendeshaji niseme machache. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda atakuwa akiendesha upande wa kulia, usukani ukiwa kushoto. Wa Kongo, Rwanda na Burundi yuko nyumbani. Siku ya kwanza isiwe ya kona kali. Kaa bondeni mpaka mkono uzoee. Kwenye mteremko tumia gia nzito, ileile uliyopandia, breki zipumzike. Aliyewahi kushuka mteremko wa Kitonga, Tanzania, na malori mbele yake anaelewa. Mkikutana mahali pembamba, anayeteremka ndiye anayempisha anayepanda. Barabara zenye alama ya buluu iliyochorwa baragumu la njano ni za mabasi ya posta, na hapo dereva wa basi akikuelekeza urudi nyuma, unarudi. Utasikia honi yake ya sauti tatu kabla ya kuliona. Barabara kuu za Uswisi zinahitaji stika ya mwaka ya faranga 40, ambayo magari mengi ya kukodi huko huwa nayo tayari. Mapito ya milimani niliyoyataja ya Uswisi hayalipiwi.

Kuna pito moja ambalo ningelitia kwenye safari hata kama liko mbali na Andermatt, nalo ni Great St Bernard, mita 2,469, mpakani mwa Uswisi na Italia. Watawa walifungua hapo nyumba ya wasafiri katika karne ya 11, na nyumba hiyo haijawahi kuacha kazi. Napoleon alipita na jeshi lake Mei 1800, theluji ikiwa bado imejaa. Barabara hufungwa kuanzia Oktoba hadi Mei au Juni, handaki likabeba magari yote, lakini watawa hubaki juu. Wageni wa majira hayo hupanda kwa miguu, wakiwa na viatu vya theluji au mbao za kutelezea. Ukifika huko kiangazi ukakuta maegesho yamejaa, ingia ndani ya nyumba hata kwa robo saa. Ni sehemu adimu ambapo mtu huelewa kwamba kuvuka milima hii kulikuwa ni suala la uhai.

Kwa anayekwenda mara moja, wiki ninazozichagua ni mbili za kwanza za Septemba. Mapito yote makubwa huwa bado wazi, radi za mchana zimepungua, mwanga hudumu kama saa 13, na shule zimefunguliwa Ufaransa na Uswisi, hivyo magari yamepungua kwenye kona. Ndio mwezi ambao wafugaji huwateremsha ng'ombe kutoka malisho ya juu, wamevishwa maua na kengele kubwa. Utasimamishwa barabarani nusu saa na hutaijutia. Oktoba ina rangi nzuri zaidi ya misonobari, lakini theluji moja ya usiku hutosha kufunga msimu, na simshauri mtu aliyetoka Dar es Salaam kuweka akiba yake ya mwaka juu ya usiku mmoja. Kodi gari mapema, chagua hoteli zinazokubali kubadilishwa, na safari ya kuanzia Septemba 1 ipelekee maombi ya viza tangu Machi.